Machozi Huchagua

Andiko kuu: Luka 10:25–37. Soma pia Matendo 6:1–7 na Walawi 19:9–10.



Swali la wiki hii limetoka katika ushirika wetu wa nyumbani wa Kangemi. Dada mmoja aliuliza hivi: "Pasta, nikiona mtu ana shida na moyo wangu haunisukumi hata kidogo, halafu nimsaidie tu hivyo hivyo, huo ni upendo ama ni unafiki?" Wachache walicheka. Wengi walinyamaza, maana kila mtu anajua anachosema. Kuna mtu anakuja na shida yake na machozi yanakutoka papo hapo. Mwingine anakuja na shida ileile, pengine kubwa zaidi, na wewe unaangalia saa.

Jibu la haraka lipo: "Mungu anaangalia moyo." Tunaomba, tunaenda nyumbani. Lakini hili swali si la mchezo. Jinsi tutakavyolijibu ndiyo itaamua nani anasaidiwa katika kanisa hili na nani anarudi Kawangware mikono mitupu. Kwa hivyo twende polepole.

1. Mungu alituumba tuguswe

Sisi kwa Kiswahili huweka hisia moyoni. Tunasema moyo umeniuma, nimevunjika moyo, ana moyo mgumu. Luka aliyeandika kwa Kiyunani alishuka chini zaidi. Neno analotumia kusema kwamba Msamaria alimhurumia yule aliyepigwa linatokana na neno la viungo vya ndani, yaani matumbo na maini. Ni neno lilelile analotumia Yesu anapomwona mjane wa Naini (Luka 7:13), na baba anapomwona mwana mpotevu akirudi (Luka 15:20). Kwa lugha yetu ya mtaani tungesema: alisikia hadi tumboni.

Sasa angalia wanasayansi wamepata nini. Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayoitwa amigdala. Moja ya kazi zake ni kunusa hatari haraka. Uko kwenye matatu Waiyaki Way, abiria wa mbele anageuka na uso wa hofu. Mwili wako umeshashika kiti kabla hujajua kuna nini. Hofu yake imeingia kwako bila kubisha hodi.

Kuna sehemu nyingine, insula, ambayo hupokea habari za viungo vya ndani: moyo unapigaje, tumbo likoje, pumzi ikoje. Mwaka 2004 mtafiti Tania Singer na wenzake huko London walichapisha utafiti waliofanya na jozi 16 za wapenzi. Mwanamke aliwekwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Mara nyingine yeye alipigwa shoti ndogo mkononi, mara nyingine ni mwenzake aliyepigwa, na yeye akaonyeshwa tu alama kwamba mwenzake anaumia. Walipata kwamba mwenzake alipoumia, sehemu ya mbele ya insula yake na sehemu nyingine zinazobeba uchungu wa maumivu ziliamka, kama vile anaumia yeye. Lakini zile sehemu zinazosema "ni mkono huu, ni hapa" hazikuamka.

Elewa maana yake. Ukimwona umpendaye anaumia, hubebi jeraha lake. Unabeba uzito wa jeraha. Na uzito huo unapita katika sehemu ya ubongo inayofuatilia viungo vya ndani, vilevile ambavyo lile neno la Luka limetoka. Mimi nikisoma hivi namsifu Mungu. Hakutuumba mawe. Huruma haikuletwa na mahubiri. Ilikuwa ndani ya mwili kabla sijajua kusoma.

Kama habari ingeishia hapo, ningesema tulie pamoja, tutoe sadaka, tuende. Haiishii hapo.

2. Lakini hisia ina mipaka yake

Mpaka wa kwanza ni idadi. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Haile Selassie Avenue inapokutana na Moi Avenue. Watu 213 walikufa hapa Nairobi, na maelfu wakajeruhiwa. Jengo la Ufundi House lililokuwa kando liliporomoka, na chini ya vifusi ikasikika sauti ya mwanamke, Rose Wanjiku. Waokoaji wetu na wale waliotoka Israeli walichimba usiku na mchana. Sammy Nganga, aliyekuwa amenaswa karibu naye, alitolewa akiwa hai. Rose hakufikiwa kwa wakati. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nakumbuka watu wazima wakisimama kando ya redio wakiulizana jambo moja tu: "Rose ametolewa?"

Nchi nzima ilimlilia Rose, na ilistahili. Lakini wale wengine je? Wengi walipoteza macho siku hiyo kwa sababu waliposikia kishindo cha kwanza walikimbilia dirishani kuangalia, na kishindo cha pili kikawarushia vioo usoni. Wengine wao bado tunapishana nao mjini na fimbo zao nyeupe. Ukipita ile bustani ya kumbukumbu leo, majina ya waliokufa yamechongwa ukutani. Soma kumi ya kwanza uone kama machozi yatakuja. Moyo unalia kwa sauti moja chini ya vifusi. Ukipewa 213, unachoka. Ndiyo maana baada ya Chuo Kikuu cha Garissa kushambuliwa Aprili 2015 na watu 148 kuuawa, Wakenya walianza kusambaza majina na picha za wanafunzi wakisema hawa si namba. Walijua namba hailizi mtu.

Mpaka wa pili ni "wetu" na "wao". Mwaka 2009 watafiti wa Beijing waliwaonyesha Wachina na Wazungu picha za nyuso zikichomwa sindano. Ubongo wa Mchina uliitikia zaidi maumivu ya Mchina, wa Mzungu zaidi ya Mzungu. Hawakuwa wamekutana na watu hao. Hawakuwa na chuki nao. Ubongo ulishachagua tu. Hapa kwetu hatuhitaji mashine. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa urais, majirani walipigana Kawangware, maduka yakachomwa, watu wakafa. Walikuwa watu wanaonunua sukuma kwa mama mboga mmoja na kupanda matatu kwenye steji moja. Jiulize wewe mwenyewe: uliposikia habari hizo, ulitaka kujua nini kwanza? Kwamba ni wangapi wamekufa, ama kwamba ni wa upande gani?

Mpaka wa tatu ni aliyetukosea. Mwaka 2006 Singer huyohuyo na wenzake waliwachezesha watu mchezo wa pesa. Wachezaji wengine walikuwa waaminifu, wengine wakala pesa za wenzao. Halafu wote wakapigwa shoti. Waliokuwa waaminifu walihurumiwa. Lakini waliodhulumu wenzao walipoumia, huruma ya wanaume waliokuwa wakitazama ilishuka, na badala yake ikaamka sehemu ya ubongo inayofurahia zawadi. Ndugu zangu wanaume, hiyo ni kwetu. Mwizi wa simu akikamatwa River Road na umati ukaanza kukusanya mawe, unajua ni jambo gani linaamka.

Mpaka wa nne ni haraka, na huu umenigusa sana kama mhubiri. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, Marekani. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi. Wengine hotuba yao ilihusu mfano wa Msamaria Mwema, andiko letu la leo. Njiani alikuwa ameketi mtu ameinama, anakohoa na kugugumia. Kati ya wale ambao hawakuwa na haraka, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kati ya wale walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Na kuwa na mahubiri ya Msamaria mfukoni hakukuleta tofauti ya maana. Wengine walimpita mgonjwa wakikimbia kwenda kuhubiri kwamba usimpite mgonjwa. Kuhani na Mlawi bado wako njiani, na wana vitambulisho vya chuo cha Biblia.

3. Je, ni dhambi?

Hapa mtu atasema: "Basi Pasta, kama ubongo ndio umeumbwa hivyo, mimi nina kosa gani?" Ni swali la haki.

Mimi naamini hivi. Msukumo wa kwanza hukuuchagua. Uso wa mtu wa kwenu kukugusa haraka si dhambi. Mtoto mchanga pia humtambua mama yake kwanza. Dhambi huanza pale unapojua kwamba mizani yako imeinama, na bado unaitumia kuuzia watu. Yakobo 2:1–4 haizungumzii watu waliokosa machozi kwa maskini. Inazungumzia watu waliompa tajiri kiti na maskini wakamwambia akae chini. Kiti ni uamuzi.

Na ubongo si jiwe. Utafiti mmoja wa Australia uliwapima wanafunzi waliotoka China wakaenda kusoma huko. Yule aliyekutana zaidi na Wazungu katika maisha ya kila siku, ubongo wake uliitikia zaidi maumivu yao. Hakuhubiriwa. Aliishi nao, basi. Kwa hivyo "ndivyo nilivyo" si utetezi. Ndivyo ulivyo kwa sababu ya meza unazokaa na meza usizokaa.

Nilipokuwa nasomea biashara tulifundishwa Adam Smith kama baba wa soko huria. Hatukuambiwa kwamba kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1759, kinahusu jinsi mtu anavyoingia katika hisia za mwenzake. Ndani yake anatoa mfano. Tuseme nchi ya China yote imemezwa na tetemeko la ardhi. Mtu wa Ulaya akisikia atasikitika, atasema maneno mazuri kuhusu maisha kuwa mafupi, kisha atalala fofofo. Lakini mwambie kesho atakatwa kidole kidogo, na usiku huo hatalala. Halafu Smith anauliza: je, mtu huyo angekubali watu hao wote wafe ili kidole chake kipone? Hapana, angeona haya. Kwa hivyo, anasema, kinachomzuia hakiwezi kuwa hisia, maana hisia yake iko kwenye kidole. Ni kitu chenye nguvu zaidi: akili na dhamiri, yule hakimu wa ndani. Sisi waamini tunajua aliyemweka hakimu huyo.

4. Roho alijibu kwa orodha

Sasa fungua Matendo 6. Kanisa hili lilikuwa limepokea moto wa Pentekoste. Waliuza mashamba wakagawana. Kama kuna kanisa lililokuwa na upako, ni hilo. Na bado wajane waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa chakula wa kila siku, na wajane wenyeji wanapata. Biblia haisemi mtu aliwachukia. Walisahauliwa tu. Lugha yao ilikuwa nyingine, na walikuwa na marafiki wachache karibu na sufuria.

Ukijazwa Roho, mizani ya mwili haijirekebishi siku hiyohiyo. Luka angeweza kuficha aibu hii, lakini ameiandika.

Mitume walifanya nini? Hawakusema, "Tuongeze ibada ya kulia mpaka tuwasikie wajane hawa." Walisema watafutwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie jambo hilo. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Kazi ilipewa watu wa upande uliosahauliwa. Na mstari wa 7 unasema nini kilifuata: neno la Mungu likaenea. Wapendwa, Roho Mtakatifu alijibu kwa kamati na orodha, na uamsho haukufa.

Mungu alikuwa ameshafanya hivyo zamani. Katika Walawi 19 mwenye shamba anaagizwa asivune hadi pembeni. Aache kwa ajili ya maskini na mgeni. Haambiwi asubiri hadi amhurumie. Ruthu Mmoabi aliokota masuke kwa sababu sheria ilikuwepo kabla Boazi hajamwona. Boazi alimwona baadaye, na moyo ukafuata. Kama chakula cha Ruthu kingengoja moyo wa Boazi, angelala njaa usiku wa kwanza.

Hata Msamaria mwenyewe: alihurumia, ndiyo. Lakini hesabu kilichofuata. Alikaribia, alifunga majeraha, alimpandisha kwenye mnyama wake, alimfikisha nyumba ya wageni, akamuuguza. Asubuhi akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Halafu akaenda zake. Huko njiani pengine mawazo yake yalihamia biashara yake, hatujui. Lakini mgonjwa alizidi kuhudumiwa, kwa sababu Msamaria aliacha mpango nyuma yake. Huruma ilikuwa kengele. Dinari ndizo zilizobaki zikifanya kazi.

Kwa hivyo namjibu dada yetu: huo si unafiki. Mnafiki huonyesha asichokuwa nacho ili watu wamwone. Wewe ukisaidia bila kusikia chochote, na bila kujionyesha, unatii. Mama anayeamka saa nane usiku kumnyonyesha mtoto hasikii mapenzi, anasikia usingizi. Lakini anaamka. Utaniambia Paulo anasema katika 1 Wakorintho 13:3 kwamba kutoa bila upendo hakufai kitu. Kweli. Sasa endelea mistari minne inayofuata uone upendo unaelezwaje: uvumilivu, fadhili, kutotafuta mambo yako mwenyewe, kutohesabu mabaya. Tafuta machozi hapo. Sijayaona.

5. Jambo lililo mbele yetu

Katika kamati ya ustawi ninayohudumu, mwezi mmoja maombi mawili yalifika pamoja. Moja lilikuwa la kijana wa boda boda aliyevunjika mguu. Alikuja madhabahuni na magongo, akashuhudia vizuri, tukalia, ndoo zikajaa kupita bili yake. La pili lilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari ya mtoto. Mama mmoja anayekaa kiti cha nyuma karibu na mlango alieleza kodi ya miezi miwili na dawa za mtoto mwenye kifafa. Hakulia. Kiswahili chake ni kigumu, na hakuna aliyemjua sana. Mweka hazina wetu, mzee wa miaka mingi, aliweka karatasi zile mbili kando kwa kando akauliza: "Tukitoa machozi hapa, tofauti iliyobaki ni gani?" Jioni hiyohiyo mama alisaidiwa kutoka kwa akiba.

Ndipo pendekezo likaja, nanyi mtalipigia kura katika mkutano wa washirika. Kwamba sehemu ya sadaka ya kila mwezi iwekwe kando kabla ya ushuhuda wowote, na igawanywe kwa orodha, kulingana na ukubwa wa hitaji, kila eneo likiwa na mtu wake katika kamati: Kangemi, Kawangware, Uthiru, na hata wale wa mjini wanaofika ibada ya mchana tu. Wengine wamesema tutazima upako wa kutoa. Naheshimu hofu hiyo. Ndoo hazitaondolewa, Mungu akikugusa, toa. Ninachosema ni kwamba mtu asiyejua kuongea mbele ya watu naye ni jirani, na tumbo lake halijui kama ushuhuda wake ulikuwa mtamu.

Na kabla ya kura hiyo, kila mmoja wetu afanye jambo moja dogo. Jumapili hii, keti mahali usipoketi. Msalimie mtu ambaye jina lake la pili si la kwenu. Muulize anaishi wapi na amekuja na matatu gani. Usingoje kusikia kitu tumboni. Kitakuja chenyewe, na kisipokuja, bado umemsalimia.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

Je, ni mtu gani unayejua ana shida lakini hujawahi kumwombea, na kwa nini? Katika Matendo 6, kwa nini ilikuwa muhimu waliochaguliwa wawe wa upande uliosahauliwa? Je, haraka zetu za Jumapili, kutoka ibada moja kuingia nyingine, zinatupitisha kando ya nani?

Tuombe

Baba, asante kwa mwili unaoguswa na maumivu ya mwingine. Pale tunapoguswa, tupe miguu. Pale tusipoguswa, tupe utii. Wale ambao machozi yetu hayajawachagua, wewe umewachagua; tufundishe kuwaandika katika orodha yetu. Katika jina la Yesu, Amina.